Mama Alipoacha Kumsemesha Mtoto

Mama yangu huanza kusema akiamka na huacha usingizi unapomshinda. Husema na kuku akiwafungulia, husema na moto ukikataa kushika, husema na Mungu bila kufumba macho, na akiwa peke yake shambani husema na maharagwe. Dada yangu, anayefanya kazi kiwandani Athi River, alirithi nusu ya maneno hayo. Mimi sikurithi kitu. Nikikutana na mtu njiani natazama chini mpaka apite. Kuandika ni afadhali, kwa sababu hakuna anayesimama mbele yangu akingoja nimalize.

Nataka kuandika kuhusu msimu ambao mama alinyamaza, na jinsi alivyonyamazishwa. Nimeingoja hasira ipoe kwanza. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo.

Aliyekuwa katikati ya mambo haya ni mtoto wa dada yangu, msichana, ambaye tunaishi naye hapa Kalama kwa sababu mama yake yuko kazini. Alipozaliwa alipewa jina la nyanya yetu aliyemzaa mama. Kwetu mtoto akibeba jina la mzazi wako unamwita kama mzazi wako, kwa hiyo mama alimwita Mwaitu, yaani mama yetu, na alimwongelesha kwa heshima hiyo hiyo. "Mwaitu, umeamkaje? Mwaitu, leo ni muthokoi tena, usinikasirikie, mahindi ndiyo tuliyo nayo." Mtoto hakujibu. Alifika umri wa kwenda shule bila kutamka neno. Alikuwa akijigonga kichwa kwa ngumi, au akikigonga ukutani, mpaka ngozi ya paji lake ikawa ngumu kama ya kisigino. Lakini mama akikaa kwenye kigoda kupukuchua mahindi, huku akisema mambo yake yasiyoisha, mtoto alimwendea kwa nyuma akaweka sikio kwenye mgongo wake. Angekaa hivyo asubuhi nzima, macho yamefumbwa, akisikiliza maneno yakipita ndani ya mifupa.

Shule ya msingi iliyo karibu nasi ina darasa la watoto wenye mahitaji maalum. Watu wa hapa huliita spesho. Lina mwalimu mmoja, na watoto wa kila aina ya shida. Ndipo akaja mwalimu mwingine, mwanamke, aliyekuwa amefundisha mjini Machakos kwa muda kisha akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya juu ya elimu maalum. Alikuwa anatakiwa kushika mtoto mmoja, amfuate muhula mzima, halafu apimwe. Alimchagua wetu. Alitueleza kwamba akimaliza atakuwa mtaalamu wa tabia. Hatukuwa tumesikia kwamba kuna kazi kama hiyo. Jirani yetu alimuuliza kama angeweza kupita kwake aone tabia ya mzee wake.

"Wazee siwezi," alisema mwalimu. "Nilisomea wale ambao bado wanaweza kubadilika."

Tulimpenda. Siwezi kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Siku za kwanza hakufanya lolote ila kukaa na kumtazama mtoto, kabla ya kujigonga kulikuwa na nini, na baadaye kulikuwa na nini. Akagundua kwamba mtoto hujigonga darasa likiwa na kelele, kwa kuwa akijigonga hutolewa nje. Basi akamfundisha kugusa mkono wa mwalimu akitaka kutoka. Hakuna kingine. Alipougusa, alitolewa mara moja. Muhula haujafika nusu, ngumi zilikuwa zimeisha na paji lilianza kulainika. Mama alimwombea mwalimu huyo kanisani, kwa sauti, mbele ya watu. Ndiyo maana alipokuja na jambo la pili tulilipokea kama tulivyolipokea la kwanza.

Alikuja nyumbani Jumamosi baada ya mvua, akavua viatu vyake vya matope mlangoni. Mama alimpa kiti chenye mto. Waliongea Kikamba, kwa maana mwalimu ni wa huku huku, upande wa Katelembo, na Kikamba chake ni kizuri kuliko changu.

"Susu," alisema, kwa sababu ndivyo tunavyomwita nyanya, "mtoto ameendelea vizuri. Sasa nataka aanze kuongea. Lakini niko na shida moja hapa nyumbani."

"Shida gani, mwalimu?"

"Lugha. Shuleni anasikia Kiingereza. Kwako anasikia Kikamba. Mama yake akipiga simu ni Kiswahili. Mtoto wa kawaida anabeba zote. Huyu hawezi. Zinamchanganya."

Mama alimgeukia mtoto, akamwangalia kichwani kama anayetafuta mahali zilipochanganyikia.

"Kwa hivyo?"

"Tuchague moja. Vifaa vyangu vyote viko kwa Kiingereza. Vipimo viko kwa Kiingereza. Hata yule atakayekuja kunipima atapima kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtoto akiwa karibu mtumie Kiingereza peke yake. Hata nyinyi wawili mkiongea, maana anasikia kila kitu."

"Na mimi sina Kiingereza, mwalimu."

"Ni maneno machache tu. Come. Sit. Eat. Water."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa, afadhali unyamaze kuliko kumchanganya." Kisha akaongeza, kwa upole, "Na hilo la Mwaitu tuliache pia. Yeye si mama yako. Aitwe jina la shule, alijue ni lake."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali asipotarajia. "Sawa, mwalimu. Hilo pia."

Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha na chupa ya chai. Nilimwongezea mwalimu chai. Nilidhani kuna sababu ambayo mtu aliyeishia darasa la nane haioni.

Mama alijaribu. Alifanya mazoezi akikamua ng'ombe, "kamu, siti, iti", mpaka ng'ombe akawa anageuza shingo. Akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi ya jumuiya, wakamsikia akimwita mtoto mezani.

"Kwenu siku hizi hodi tunabisha kwa lugha gani?" mmoja aliuliza.

"Mwacheni," mwingine akasema. "Huyu ameshapata viza. Mtamwona kwa ndege akipunga mkono."

"Na mkinipigia simu huko sitashika," mama akawajibu. Walicheka wote, na mama alicheka nao. Lakini baada ya siku hiyo sikusikia tena "kamu" wala "siti". Alianza kumwita mtoto kwa kiganja, kama unavyomwita kiziwi. Alimnyooshea sahani. Alimwonyesha kitanda kwa kidole. Na kwa kuwa tulikatazwa hata kuongea sisi kwa sisi mtoto akisikia, tukawa tunatoka nje, nyuma ya ghala la mahindi, kunong'onezana habari za chumvi na dawa ya ng'ombe kama watu walioiba kitu, kisha tunarudi ndani kimya. Dada alipopiga simu, mama alisikiliza na kuitikia "ee" tu.

"Mama, mbona hivyo? Kwani wewe ni mgonjwa?"

"Ee."

"Ee nini?"

Ikabidi nichukue simu nikatoke nayo nje, nieleze. Dada alifurahi. Alisema huko kwa watu wenye pesa hata yaya huongea Kiingereza, na hebu tujikaze.

Kwa hiyo mdomo wa nyumba nikawa mimi. Nani mwingine? Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kuandika insha kuhusu siku ya harusi. Nilijua kusema jua huchomoza upande gani. Sikujua mtu humbembeleza vipi mtoto aliyeamka akilia. Hilo halikuwa kwenye mtihani. Nilikuwa namwambia "sit" akiwa ameshakaa, na "eat" akiwa anatafuna, maana ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Mimi ambaye sisalimii watu njiani, nikawa ndiye redio.

Mtoto aliendelea kumwendea mama kwa nyuma. Mama akiwa kwenye kigoda na mahindi yake, aliweka sikio mgongoni, akangoja. Hapakuwa na kitu ila punje zikidondoka kwenye beseni. Asubuhi moja nilimwona akiinua kiganja na kumgonga mama mgongoni, pole pole, kama mtu anayegonga redio iliyokatika. Akaweka sikio tena. Mama aliendelea kupukuchua. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, lakini hakusema. Aliambiwa kusema kunamdhuru mtoto, na mama hangemdhuru mtoto yule hata kwa neno.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, ingawa sikujua bado ni ya nani.

Siku ya kupimwa ilifika. Siku iliyotangulia mwalimu alinituma nyumbani na maagizo. Mtoto asinywe kitu asubuhi, hata chai, ili awe na hamu ya maji, kwa sababu somo lilikuwa la kuomba maji. Alinieleza kwamba ndivyo wanavyofundishwa, mtu hujifunza kuomba anapohitaji. Ilikuwa inaeleweka, kwa namna yake. Mama alilificha birika chini ya kitanda. Nilimpeleka mtoto shuleni mimi mwenyewe, juani, akilamba midomo.

Mpimaji alikuja na gari kutoka chuo. Walimu walimwita daktari, na mama wa jikoni alimwonyesha kidole chake kilichovimba kabla ya kuambiwa kwamba si daktari wa aina hiyo. Alicheka, akamsalimu yule mama kwa Kikamba, akasema harufu ya isyo hiyo ya mahindi na maharagwe inamkumbusha kwao. Alikisema Kikamba chetu bila kujikwaa. Naliandika hili kwa sababu ni muhimu.

Nilipewa kiti nyuma ya darasa, karibu na mlango, niwepo iwapo mtoto atasumbua. Daktari alikaa kando na karatasi zake kwenye paja. Mwalimu alikaa mbele ya mtoto, na katikati yao, juu ya meza, kikombe cha plastiki chenye maji. Alikisogeza upande wake.

"What do you want?" alimuuliza, unataka nini.

Mtoto alitazama maji.

Akauliza tena. Mtoto alinyoosha mkono, mwalimu akakiondoa kikombe, si kwa ukali, kwa utaratibu. Akauliza mara nyingine. Feni haipo katika darasa lile, na bati lilikuwa limeanza kulia kwa joto. Nilijiona nikimeza mate kwa niaba ya mtoto.

Ndipo akasema, "Manzi."

Alilisema vizuri, kwa sauti nyembamba lakini nzima, kama mtu aliyekuwa ameliweka mahali salama. Manzi ni maji. Hakuna Mkamba, hata aliyezaliwa Nairobi, asiyelijua neno hilo. Lilikuwa neno la kwanza la maisha yake.

Nilimtazama mwalimu. Mkono wake ulikuwa umegandia kikombe. Nilimtazama daktari. Kalamu yake ilisimama hewani, na nyusi zake zikapanda, na nikajua amesikia nilichosikia. Mwalimu alimtazama daktari kwa pembe ya jicho. Daktari aliangalia karatasi yake. Mwalimu akamrudia mtoto.

"Say water," alisema. Sema maji, kwa Kiingereza.

"Manzi."

"Say water."

Nilimwona daktari akiandika kitu kifupi, mstari tu, kama unavyoweka mahali ambapo hakuna kitu. Mtoto alisema tena, sasa kwa haraka, manzi, manzi, akiangalia uso wa mwalimu kama anayeuliza kama kuna kosa. Halafu ngumi ikapanda. Ile iliyokuwa imeisha. Aliipiga kwenye paji, na tena, na darasa zima likasikia mlio wake.

Mwalimu alikishika kile kikombe cha maji kifuani. Najua kwa nini. Alikuwa amenieleza zamani, ukimpa kitu wakati anajigonga unamfundisha kwamba kujigonga kunalipa, kwa hiyo unangoja mikono itulie. Alikuwa anafuata alichofundishwa, na alikibana kikombe mpaka maji yakamwagikia blauzi.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimekishika kikombe, nikakivuta, na mwalimu akakiachilia kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Mtoto alikunywa yote bila kupumzika.

"Kijana," alisema daktari, "umeharibu kipindi. Tutaanza upya."

"Ameomba," nilisema.

"Hukuelewa. Kuna utaratibu."

"Ameomba maji. Na wewe umemsikia. Na mwalimu amemsikia."

Nilisema kwa Kikamba, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Kama daktari angenijibu kwa ukali nadhani ningekimbia. Aligeukia karatasi zake. Nilimshika mtoto mkono tukatoka.

Daktari alinifuata mpaka kwenye kivuli cha jengo la choo. Aliongea taratibu, kama mtu anayetaka kueleweka. Alisema kwamba vipimo vile vimetengenezwa na kuthibitishwa kwa Kiingereza, na jibu lililolengwa ni lile tu lililoandikwa. Wakikubali kila mwalimu anayepimwa apokee jibu la lugha yoyote, watalinganishaje?

"Mimi pia ni Mkamba," alisema. "Lakini hapa mimi ni mpimaji."

"Na ukiwa na kiu?" nilimuuliza.

Akatabasamu, akanigusa bega, akarudi ndani. Mpaka leo natamani asingenigusa bega.

Nilikimbia nyumbani na mtoto mgongoni. Njia nzima nilikuwa nafikiria uso wa mama nitakapomwambia. Mtoto ameongea. Amesema manzi. Nilimkuta akichambua kunde, nikasahau kwenda nyuma ya ghala, nikamwambia hapo hapo kwa Kikamba.

Kunde zilimwanguka.

"Si mimi," alisema. Alinong'ona, huku akimtazama mtoto. "Nakuapia si mimi. Sijamwambia neno hilo tangu mwalimu aje. Uliza Mungu. Labda alilisikia kitambo. Mwambie mwalimu ni la kitambo."

Alikuwa anajitetea. Mtoto wake amefungua mdomo kwa mara ya kwanza duniani, na yeye anajitetea kama mtu aliyekamatwa. Nilimwambia hakuna kosa, ni vizuri, amwongeleshe sasa hivi, amwambie chochote. Alitikisa kichwa.

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Niliinama kuokota kunde.

"Mpaka darasa la nane," alijijibu. "Na yeye amesoma mpaka wapi? Yeye ndiye aliyemtoa ngumi. Akisema mwenyewe niongee, nitaongea."

Na ngumi zilikuwa zimerudi, na mama alihesabu hilo kuwa kosa lake pia, lile neno lake la kitambo.

Kwa hiyo ikawa lazima mwalimu aseme mwenyewe. Kwenye simu hakushika. Hakuonekana tena spesho. Mwalimu wa darasa alisema amepewa nafasi ya pili ya kupimwa, na kwamba amebadilishiwa mtoto, sasa anamshika mvulana wa mjini ambaye wazazi wake ni walimu na Kiingereza nyumbani kwao si shida. Nilipanda gari mpaka Machakos, nikasimama kwenye lango la chuo. Mlinzi aliniuliza naletea nani chakula. Nilisimama hapo mpaka wanafunzi wakaanza kutoka kwa chakula cha mchana, na mwalimu akatoka na mkoba na rundo la makaratasi. Aliponiona alitazama nyuma kama anayetafuta mlango mwingine.

"Karibu unifelishe," alisema. Hakuwa amepandisha sauti.

"Mwalimu, naomba uje umwambie mama aongee."

"Mwambie wewe."

"Mimi hanisikii. Anakusikia wewe."

Alipumua. "Sikiza. Nikipimwa nitakuja. Kwa sasa siwezi kubadilisha kitu. Nikibadilisha, itaonekana sikuwa na mpango. Msimamizi wangu ataniuliza kwa nini nilianza na kile nikamaliza na hiki."

"Wewe ulilelewa kwa lugha gani, mwalimu?"

"Si unajua. Kikamba."

"Na ukasoma mpaka hapa."

"Ee, lakini mimi sikuwa na shida," alisema.

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo sababu linanichoma. Yaani asiye na shida apewe lugha tatu na nyanya wa kumwongelesha mchana kutwa, na mwenye shida apunguziwe. Mwenye shida aachiwe maneno manne na mjomba asiyejua kusema. Na hili si jambo alilolitunga njiani akija kwetu. Alilitoa darasani, lilikuwa limekaa hapo kwenye yale makaratasi aliyoyabeba, na baada yake watakuja wengine, wataenda Wamunyu na Mwala na kila mahali penye spesho, watapewa kiti chenye mto, na watawaambia akina nyanya wanyamaze. Nilitaka kumwambia hayo yote pale langoni. Nilichoweza kusema ni, "Mama amenyamaza kabisa, mwalimu. Hata na kuku."

Hapo aliangalia chini. Nadhani hakuwa amejua. Alikuwa amesema Kiingereza peke yake, na katika mawazo yake alikuwa ameacha nyumba inayoongea Kiingereza.

Alikuja. Ilikuwa baada ya kupita mtihani wake, muhula umeshafungwa, Jumamosi tena. Safari hii hakuvua viatu wala hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Susu," alisema kwa Kikamba, "unaweza kumwongelesha tu."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga. "Kwa Kikamba?"

"Kwa Kikamba. Na vile ulikuwa unamwita, unaweza."

"Kwa hivyo ile dawa ya kunyamaza imeisha?"

Mwalimu alinitazama. Nilimngoja. Nilijua kuna maneno mengine yanayofaa kusemwa hapo, na ni machache, na alikuwa nayo katika lugha zote.

"Ee, Susu," alisema. "Imeisha."

Mama alimshukuru. Alimshukuru mpaka nikatoka nje. Nilipokuwa nimeegemea ghala nilisikia kuku akipiga kelele, nikajua anafungwa miguu, na mwalimu akaondoka na jogoo wetu chini ya kwapa akitembea upesi, bila kugeuka.

Basi mama alianza tena. Alianza kwa woga, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, halafu jioni hiyo hiyo yalimfurika, yote aliyokuwa amezuia, ya ng'ombe, ya mvua, ya jirani na mzee wake. Lakini mtoto hakumgeukia. Alimsikia, akatulia kidogo, kisha akanitazama mimi. Akawa ananitazama mdomoni. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema naye ila mimi, na alikuwa amejifunza kwamba maneno yanatoka kwangu. Mama alisema, na mtoto alingoja mimi nirudie. Nilimwona mama akiliona hilo. Aliinuka akaenda kuzima moto ambao haukuhitaji kuzimwa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo daktari hakuipima. Mwalimu ana shahada yake, na mvulana wa mjini amesema water, na sisi tumebaki na mtoto anayetafuta neno mahali lisipokuwepo.

Sikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo nilifikiria mwenyewe. Sasa chai ikishanyweka tu nachukua jembe naondoka. Sisemi naenda wapi, wala kwaheri, sisemi lolote mtoto akiwa karibu, asibaki na mdomo wa kutazama ila wa mama. Nashuka mpaka kwenye matuta ya chini kabisa, ambako hata palizi haihitajiki sana, na nakaa huko mpaka chakula cha mchana. Siku za kwanza alinililia akisimama ukingoni mwa shamba. Siku hizi halii. Upepo ukitoka upande wa nyumbani nasikia sauti ya mama, haikatiki, na mara mojamoja husimama, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Nasimamisha jembe pia. Toka huku chini siwezi kusikia kama anajibiwa.